Miezi minne na mashine ya polishi: uzoefu wangu kwenye Mark X

Nina Toyota Mark X ya bluu iliyokoza, niliyoinunua hapa hapa Dar es Salaam ikiwa imeshatembea. Kivulini inapendeza. Ukiitoa juani, boneti nzima inajaa michirizi myembamba ya duara kama utando wa buibui. Michirizi hiyo inatokana na uoshaji: kitambaa kimetoka kufuta rimu na matope ya gari jingine, kinasuuzwa juujuu, kinapita kwenye boneti yako. Punje za mchanga zilizonasa humo ndizo zinazokwaruza, miaka nenda rudi.

Kabla ya kununua mashine nilimpa gari fundi mmoja aliyefunga pedi ya manyoya kwenye grainda ya kukatia vyuma. Siku ile iling'aa, nikalipa kwa moyo mkunjufu. Nilipoiosha mara mbili mafuta ya polishi yakaondoka, na usiku chini ya taa za kituo cha mafuta nikaona mawingu ya mizunguko kuanzia boneti hadi buti. Grainda ndogo huzunguka hadi mara 11,000 hivi kwa dakika. Mashine ya polishi ya mzunguko mmoja hufanya kazi yake kati ya 600 na 3,000. Mtu anayeshika gari lako kwa grainda anaichoma rangi hata kama nia yake ni njema.

Mashine niliyochukua Kariakoo ni ile inayozunguka huku ikiyumba. Pedi inajizungusha na papo hapo inacheza kwa upana wa milimita 15, kwa hiyo haisugui sehemu moja mfululizo, na joto halipandi haraka. Nililipa laki tatu na ushei pamoja na sponji tatu za inchi tano. Angalia kibati cha umeme kabla hujatoa hela: yetu ni volti 230, na mashine iliyotengenezwa kwa soko la Marekani ni ya volti 120. Ukiichomeka hapa bila transfoma, mota inaungua.

Niliogopa sana klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi. Kwa magari mengi yaliyotoka kiwandani klia ina unene wa maikroni 35 hadi 50, wakati unywele wa kichwani unafika 70 hivi. Unapopiga polishi unapunguza tabaka hilo, na halirudi. Ndiyo maana sishauri mtu aanze na dawa kali. Anza na laini, na sponji laini, uone kama inatosha.

Siku ya kwanza nilianza saa sita mchana, uwanjani, jua kali. Boneti ilikuwa ya moto, polishi ikakauka ikawa unga kabla sijamaliza kupitisha mashine mara ya pili, na unga ule ukaanza kukwaruza upya. Tangu hapo nafanya kazi alfajiri, saa kumi na mbili hadi saa tatu, chini ya turubai. Chini ya mwembe usithubutu, utomvu unadondoka.

Siku ya pili shida ikawa nyingine. Nilipiga fenda ya kushoto dakika ishirini, mashine inanguruma vizuri, lakini michirizi iko palepale. Jirani yangu ni fundi rangi. Akasimama, akatazama, akaniuliza, "Kaka, una hakika hiyo sponji inazunguka?" Sikumwelewa. Akaomba kalamu ya wino mzito, akachora mstari mmoja kwenye ukingo wa sahani inayoshika sponji. "Washa sasa." Kwenye boneti, palipo tambarare, mstari ulipotea kwa kuzunguka. Nilipofika kwenye mviringo wa fenda nikauona umetulia kabisa, unatetemeka tu. Mota inafanya kazi, sponji imesimama. Nilikuwa naikandamiza, tena kwa upande mmoja. "Iache itembee kwa uzito wake," akasema, "wewe kazi yako ni kuilaza sawasawa." Nikapunguza mkono, mstari ukaanza kuzunguka taratibu, na baada ya kupitisha mara nne utando ukafifia mbele ya macho yangu. Kama utachukua kitu kimoja tu hapa, chukua huo mstari wa wino.

Sasa nafanya hivi. Naosha kwanza, halafu napitisha udongo wa kusafishia rangi, ule laini unaonasa chembe zilizoganda, pamoja na maji ya sabuni. Ukitaka kujua kama udongo umefanya kazi, vaa mfuko wa mkate mkononi upapase boneti. Chembe ambazo kidole kitupu hakizisikii, utazisikia. Plastiki nyeusi zote nazibandika tepu ya karatasi, kwa sababu polishi ikikaukia hapo inaacha weupe mbaya. Kisha nachagua kipande cha sentimita 50 kwa 50, natia matone manne ya ukubwa wa njegere, nasambaza kwa spidi ya kwanza, napandisha hadi ya nne au ya tano. Mkono unatembea polepole, sentimita mbili na nusu hivi kwa sekunde, kila mstari ukipanda nusu ya uliotangulia, mara wima, mara mlalo. Namaliza kwa kufuta na spiriti iliyochanganywa na maji. Bila kufuta, mafuta ya polishi yanafunika mikwaruzo na unajidanganya. Tochi ya simu ukiishika kwa pembeni inakuonyesha hali halisi.

Mashine yenyewe ina kasoro. Waya ni mfupi, na ekstensheni inayoburuzwa kwenye rangi ni hatari, kwa hiyo naipitishia begani. Ukishika kwa saa nzima vidole vinakufa ganzi. Sponji moja iliachia gundi katikati kwa joto, ila hapo nina sehemu yangu ya lawama: nilitaka kumaliza gari zima kwa sponji moja. Siku hizi nabadilisha kila baada ya vipande vinne au vitano na naipiga brashi kila kipande.

Boneti peke yake ilinichukua saa mbili, gari zima Jumamosi tatu. Umeme ulikatika mara moja katikati ya mlango wa nyuma, nikafuta polishi mbichi haraka kabla haijakauka. Kwa fedha hii naipendekeza bila kusita kwa anayeanza na mwenye subira.

Mkwaruzo mmoja nimeuacha, wa mlango wa kushoto karibu na kitasa. Nikipitisha kucha inanasa, dalili kwamba huenda umepita klia. Fundi ameniambia huo ni wa kupiga rangi, na nimemkubalia.