Kufuatilia Tour de France ya wanawake kutoka Lubumbashi: uzoefu wangu na simu, dekoda na mega

Ukitaka kufuatilia Tour de France Femmes, yaani mbio za baiskeli za wanawake za Ufaransa, ukiwa Lubumbashi, anzia kwenye maandishi ya moja kwa moja ya waandaaji wa mbio, video iwe baadaye. Najua wengi watashangaa, maana baiskeli ni mchezo wa macho. Lakini nimejaribu kila njia inayopatikana hapa kwetu: dekoda, simu, redio, muhtasari wa YouTube usiku. Kila mwaka narudi kwenye ule ukurasa wa maandishi, na ndiyo ninaoanza kumwonyesha mtu yeyote anayeniuliza.

Mimi ninashona nguo, Kamalondo. Mbio zinapoanza huko Ufaransa, mwisho wa Julai au Agosti, kwetu ni msimu wa baridi na vumbi, oda za harusi zimejaa, na siwezi kuacha mashine nikae mbele ya televisheni mchana kutwa. Kitu kimoja kinatusaidia sana sisi wa Katanga: wakati huo wa mwaka saa yetu na saa ya Ufaransa ni moja. Wakisema hatua, yaani kipande kimoja cha mbio, inamalizika saa kumi na moja jioni, ni saa kumi na moja yetu pia. Ndugu zetu wa Kinshasa ndio wanaopaswa kutoa saa moja.

Ukurasa wenyewe uko hivi. Juu kuna kilomita zilizobaki. Chini yake kuna makundi: waliochomoka mbele, wanaowafukuza, kisha kundi kuu, na kati ya kundi na kundi wameandika pengo kwa dakika na sekunde. Chini zaidi zinaingia sentensi fupi fupi: nani ameanguka, nani tairi limetoka upepo, timu gani imeshika usukani wa kundi. Hautafuni mega, yaani data ya simu. Mtandao ukishuka mpaka kwenye ile herufi E inayotukera wote, video inaganda lakini maandishi yanaendelea kuingia, hata kama yamechelewa kidogo. Umeme ukikatika, na unakatika, simu yenye chaji nusu inakufikisha mwisho wa hatua bila wasiwasi. Naiegemeza kwenye kopo la vifungo, naendelea kupiga pindo, na kila ninapokata uzi natupa jicho.

Kuna sababu nyingine, na kwangu ndiyo kubwa. Mbio za hatua ni hesabu. Anayeshinda ni yule ambaye saa zake zote zikijumlishwa ni chache kuliko za wengine, hata kama hakuwahi kufika wa kwanza siku yoyote. Kwa hiyo mara nyingi jambo zito halitokei mbele ambako kamera iko. Linatokea nyuma, ndani ya pengo, na pengo unalisoma kwa namba.

Chukua mwaka 2024, ambao kwangu ndio mwaka wa kumwonyesha mtu asiyeamini. Demi Vollering wa Uholanzi, bingwa wa 2023, alikuwa na jezi ya njano, ile ya anayeongoza kwa jumla ya muda, mpaka hatua ya 5, iliyoishia Amnéville. Akaanguka karibu na mwisho, akapoteza muda mwingi, jezi ikaenda kwa Kasia Niewiadoma wa Poland. Siku ya mwisho walianzia Le Grand-Bornand, wakapita Col du Glandon, wamalizie juu Alpe d'Huez: kilomita 13.8 za kupanda, kona 21. Vollering alikuwa nyuma ya Niewiadoma kwa dakika 1 na sekunde 15. Akashambulia kwenye Glandon, mbali kabisa na mwisho, na mtu mmoja tu akaweza kumng'ang'ania: Pauliena Rooijakkers, Mholanzi mwenzake.

Kuanzia pale sikushona tena. Wale wawili walikuwa mbele, Niewiadoma nyuma akiwafukuza, pengo likipanda na kushuka, na kila namba mpya ilikuwa na maana yake. Pengo likizidi 1:15, jezi imeondoka. Tena kuna bonasi: anayefika wa kwanza anapunguziwa sekunde 10, wa pili 6, wa tatu 4. Basi hesabu ya kweli haikuwa 75. Vollering akishinda hatua, Niewiadoma anabaki na sekunde 65 tu za kuchezea. Niliandika kwa chaki ya kushonea kwenye kipande cha bitambaa, 75 kutoa 10, nikakibana mezani. Vollering akashinda hatua. Rooijakkers wa pili, Evita Muzic wa Ufaransa wa tatu, Niewiadoma wa nne, sekunde 61 baada ya Vollering. Sekunde 65 kutoa 61. Zimebaki 4. Hatua nane za mbio, milima yote ile, na Tour ikaamuliwa kwa sekunde 4. Rooijakkers akawa wa tatu kwa jumla, sekunde 10 tu kutoka juu.

Mtu aliyetazama video bila namba aliona mwanamke amefika wa kwanza mlimani, mikono juu, kisha akaona mwingine anatangazwa mshindi. Aliyekuwa na namba alijua kila kitu kabla ya tangazo. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: video na maandishi viende pamoja, lakini ukilazimika kuchagua kimoja, chagua maandishi.

Sasa nije kwenye video. Kwa dekoda picha ni nzuri, milima unaiona vizuri na unajifunza kutambua timu kwa jezi. Malalamiko yangu ni kwamba mbio za wanawake ndizo zinazosogezwa kwanza. Nimelipa abonoma, nimepanga kazi, nimekaa, chaneli inaonyesha marudio ya mpira, mbio zinaletwa zikiwa zimebaki kilomita chache. Hilo limenikuta zaidi ya mara moja, na mbio za wanaume za Julai hazifanyiwi hivyo. Linaniuma. Wanawake hawa wanapanda milima ileile, Tourmalet mwaka 2023, Alpe d'Huez mwaka 2024, Col de la Madeleine mwaka 2025, na anayelipa abonoma ana haki ya kuwaona.

Kwa simu, video ya moja kwa moja inakula mega vibaya. Mimi naiwekea akiba: nafuata maandishi, kisha nafungua video kwenye mlima wa mwisho au kilomita 10 za mwisho. Hatua za wanawake ni fupi kuliko za wanaume, na timu ina watu 7 badala ya 8, kwa hiyo ni vigumu timu moja kushikilia mbio nzima mkononi. Mashambulizi yanakuja mapema. Ndiyo maana maandishi yanahitajika: yanakuambia saa ya kufungua video.

Muhtasari rasmi wa YouTube usiku ni mzuri, dakika chache, na watoto wa atelie yangu ya kushona wanaupenda. Ila chunga: picha ya kwanza ya video mara nyingi inamwonyesha mshindi kabla hujabonyeza. Kama hutaki kujua, mpe mwingine simu aifungulie. Redio nayo itakupa jina la mshindi na basi. Kwa majedwali, orodha za washiriki na mchoro wa mlima, tovuti ya ProCyclingStats haina mpinzani, na haina uzito kwenye simu.

Sasa Kim Le Court. Hapa ndipo mbio hizi zilipoingia atelie nzima, si mimi tu. Ni wa Mauritius, ambayo sisi tunaiita Maurice, anaendesha katika timu ya AG Insurance-Soudal. Masika ya 2025 alishinda Liège-Bastogne-Liège, akawa Mwafrika wa kwanza, mwanamume au mwanamke, kushinda moja ya zile mbio tano kongwe zinazoitwa Monument. Kisha Tour ya mwaka huo, baada ya hatua ya 2, akavaa jezi ya njano. Mwafrika wa kwanza kuivaa katika Tour ya wanawake. Akaipoteza kwa Marianne Vos, na kwenye hatua ya 5 iliyoishia Guéret akafika katika kikundi kidogo cha wenye nguvu, Vollering akiwemo, akawashinda wote kwa mbio za mwisho. Akashinda hatua na akarudishiwa jezi siku hiyohiyo.

Siku ile video ilikuwa wazi na simu ilizungukwa. Mwanafunzi wangu mmoja, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa mtu wa Mazembe tu, akainama mpaka pua inagusa kioo.

"Yaya, ule wa njano njo wa wapi?"

"Wa Maurice."

"Maurice iko mu Afrika?"

"Iko mu Afrika."

"Basi njo wetu!"

Kuanzia hapo, kila mchana swali lilikuwa moja: Kim iko wapi? Na hapo maandishi yakafanya kazi yake tena, kwa sababu jezi ya njano wanaitaja kila mara. Aliishikilia mpaka hatua ya 8, ile ya Col de la Madeleine. Kupanda kilomita 18.6, wastani wa asilimia 8.1. Papa mmoja anayetuletea makala (mkaa) kwa baiskeli kutoka barabara ya Kasenga alisimama mlangoni, nikamwonyesha mchoro wa ule mlima. Akauangalia kwa muda, akauliza, "Banasukuma kinga ao bananyonga?" Yaani wanaisukuma baiskeli au wanakanyaga pedali? Nikamwambia wananyonga mpaka juu. Akatikisa kichwa kwa heshima, akabaki kutazama nasi, magunia yake nje. Mtu anayejua maana ya kupandisha mzigo haelezwi mara mbili.

Pauline Ferrand-Prévot ndiye aliyeiamua Tour siku ile ya Madeleine. Mfaransa huyu alikuwa bingwa wa Olimpiki wa baiskeli za milimani Paris 2024, na Aprili 2025 alishinda Paris-Roubaix. Aliwaacha wote kwenye Madeleine, na kesho yake akashinda tena Châtel akiwa tayari na jezi ya njano. Vollering wa pili, Niewiadoma wa tatu. Le Court alipoteza jezi mlimani, lakini mwenzake wa timu, Sarah Gigante wa Australia, alifika wa pili siku ya Madeleine. Kule atelie walihuzunika kidogo, kisha wakaniuliza mwakani ni lini.

Watu wananiuliza pia kuhusu Kigali, mashindano ya dunia ya Septemba 2025, ya kwanza ya barabarani kufanyika Afrika. Niliyafuata kwa furaha, na Magdeleine Vallieres wa Kanada alishinda mbio za wanawake bila kutarajiwa. Lakini zile ni mbio za siku moja, zinaisha jioni hiyohiyo. Za hatua zinakaa na wewe zaidi ya wiki, unalala ukipiga hesabu ya kesho.

Upungufu ninaoutaja bila kuficha: hakuna Kiswahili popote. Maandishi ni ya lugha za Ulaya, kama Kifaransa na Kiingereza. Mimi Kifaransa kinanitosha, lakini mama yangu mdogo, ambaye anapenda mbio hizi kuliko nilivyotegemea, ananisubiri nimsomee. Tunastahili zaidi ya hapo. Wasemaji wa Kiswahili ni wengi kuliko wa lugha nyingi zinazopata matangazo. Pia video haianzi tangu kilomita ya kwanza kila siku, na watu wanaweza kuchomoka mapema usione walivyochomoka. Maandishi yanaziba hilo kwa kiasi, si lote.

Kwa jumla: ukurasa wa maandishi, tano juu ya tano. ProCyclingStats, tano. Muhtasari wa usiku, nne. Video ya simu, tatu, kwa sababu ya mega. Dekoda, mbili, mpaka siku watakapoheshimu ratiba yao.

Tour ya 2026 inaanzia Lausanne, Uswisi, tarehe 1 Agosti, inamalizikia Nice tarehe 9, na siku ya Ijumaa tarehe 7 wanapanda Mont Ventoux. Mega za wiki ile gawanya hivi: kidogo kidogo kila siku kwa maandishi, na kifurushi kikubwa ukinunue Alhamisi usiku. Ijumaa chaji simu asubuhi umeme ukiwepo, weka batri ya akiba karibu, na kama una oda ya harusi ya Jumamosi, imalize kabla ya saa sita.