Uzoefu wangu na Pianoteq kanisani: msiniambie tena ni piano ya plastiki

Naandika hii nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Natumia Pianoteq, programu ya piano ya kwenye kompyuta, muda mrefu tu sasa, nyumbani kwa mazoezi na kanisani na kwaya, na nilishapanga siku moja nikae niandike vizuri inapigikaje, inamfaa nani, haimfai nani. Sasa majuzi kwenye mazoezi fundi mitambo akapita mbele, akaangalia laptopu yangu juu ya stendi, akasema kwa sauti, kwaya nzima inasikia mpaka wamama wa alto kule nyuma: "Kaka, zima hiyo piano ya plastiki bwana, tumia saundi za kinanda." Akarudi kwenye miksa yake, akashusha chaneli yangu mpaka chini katikati ya ubeti. Hajauliza kitu. Hajagusa hata noti moja.

Hilo neno la plastiki, yaani sauti ya bandia, nimelisikia mara nyingi na karibu kila anayelisema hajawahi kukaa mbele ya funguo akaicheza. Kasikia video kwenye simu, kasoma mtu kaandika huko, basi, hukumu imeshatoka.

Kwa asiyejua, piano nyingi za kwenye kompyuta ni rekodi. Watu wameingia studio na piano halisi, wakarekodi noti moja moja, taratibu, kwa nguvu kidogo, kwa nguvu zaidi, na pedali, bila pedali, ndo maana unakuta programu moja inakula GB makumi kwenye diski. Ukibonyeza noti unachosikia ni ile rekodi inachezwa. Pianoteq haifanyi hivyo, yenyewe inakokotoa. Nyundo inapiga waya kwa kasi gani, waya unatikisika vipi, ubao wa sauti unaitikia vipi, nyaya za jirani zinafanya nini, yote yanapigiwa hesabu palepale unapobonyeza. Ndo maana unaishusha yote kwa MB kama 50 hivi, bando la kawaida tu, huhitaji kwenda kuomba waifai ya mtu usiku kucha. Walioitengeneza ni Modartt wa Toulouse, Ufaransa, ilitoka 2006, na aliyeianzisha, Philippe Guillaume, alikuwa fundi wa kutyuni piano kabla hajawa mwanahisabati. Hiyo habari mi naiona ni kubwa sana. Huyu ni mtu aliyeshika piano halisi kwa mikono yake, anajua waya ukilegea unasikikaje. Na Steinway & Sons, watengenezaji wa piano halisi, wenyewe wameidhinisha piano zao zilizomo humo ndani. Steinway, jamani! Halafu fundi wetu anakwambia plastiki.

Sasa fanyeni hiki kitu, hata kwenye lile toleo la majaribio la bure (linajikata baada ya dakika 20 na kuna noti chache zimezimwa, lakini linatosha kujaribia). Shika Do ya chini, ibonyeze polepole kabisa mpaka ishuke bila kutoa sauti, usiiachie. Mkono mwingine upige Do ya juu yake, upige kwa nguvu na uachie hapohapo. Tulia usikilize. Utasikia ile Do ya chini, ambayo hujaipiga, inaimba yenyewe kwa mbali, kwa sauti ya ile ya juu, kwa sababu waya wake uko wazi na umetikiswa na mwenzie. Sasa achia kidole taratibu uone inavyozimika. Halafu weka Re ya chini badala ya Do urudie, na utaona haiitikii vile, kwa sababu haina undugu na hiyo noti ya juu. Piano halisi ndo inafanya hivyo. Kinanda cha kanisani kwetu ukikifanyia hivyo ni kimya kabisa, na ile programu ya rekodi niliyokuwa natumia zamani (siitaji jina) nayo ilikuwa kimya.

Mtu atasema nani anasikia hayo katikati ya ibada. Sawa, hakuna anayesikia kama kitu peke yake. Ila ukipiga tenzi ya taratibu, pedali imekanyagwa, noti nne tano zinalia pamoja, hicho ndo kinachofanya sauti zikae pamoja badala ya kila moja kusimama kivyake. Na pedali yenyewe! Ukiwa na pedali inayosoma hatua kwa hatua, siyo ile ya kuwasha na kuzima tu, unaweza kuinua mguu nusu, ukungu wa sauti ukapungua lakini besi ikabaki inalia chini. Au unapiga noti bila pedali, unaachia, na kabla haijafa unakanyaga, na inadaka kile kilichobaki, kidogo tu, kama inavyotakiwa. Mi nilijifunzia piano ya ukutani ya zamani, zile zilizoachwa na wamisionari, mguu wangu umezoea hivyo. Miaka yote nilipokuwa natumia saundi za kinanda nilikuwa naupunja mguu. Siku ya kwanza ya Pianoteq nilikaa hapo mpaka wakanigongea mlango kwamba watu wanataka kulala.

Ile programu ya zamani nayo nina kinyongo nayo. Iliharibu sifa yangu kwenye harusi ya watu, bibi harusi anaingia, nimekanyaga pedali napanda taratibu, mara noti za chini zinakatika zenyewe, kwa sababu diski imeshindwa kuleta rekodi kwa kasi. Kila mtu aligeuka. Tangu hapo nikasema diski haitaniaibisha tena. Kwa hiyo ndio, mi nina upande, sifichi.

Turudi kwa fundi, maana sijamaliza naye.

Baada ya mazoezi, watu wametawanyika, nikaenda kwenye miksa kuangalia. Nikakuta nini? Kebo moja. Moja! Saundi kadi yangu, kile kifaa cha kutolea sauti ya laptopu, inatoa mbili, kushoto na kulia, na yeye kachomeka ya kushoto tu, ya kulia imelala chini kwenye zulia. Sasa piano ya stereo imepangwa kama mtu aliyekaa mbele yake, besi zimeegemea kushoto, noti za juu zimeegemea kulia. Ukichukua kushoto peke yake umechukua nusu ya piano, melodi yote ya mkono wa kulia inabaki nyembamba, inasikika kama inatoka chumba cha pili. Halafu, sikilizeni hii, kwenye hiyohiyo chaneli kakata besi yote. Kwa hiyo noti za juu kaziacha sakafuni na zulia, za chini kazikata kwa kitufe, kilichobaki katikati ndo kakiita plastiki! Steinway yenyewe ukiileta pale ukaifanyia hivyo itasikika kama redio ya kwenye daladala.

Nikamwambia kwa heshima kabisa, fundi, hapa zinahitajika kebo mbili, na hiyo besi rudisha. Akajibu "mimi nina uzoefu na hivi vitu miaka mingi, wewe piga tu." Wewe piga tu. Nikanyamaza, maana mzee wa kanisa alikuwa anafunga madirisha na sikutaka ugomvi nyumbani mwa Bwana. Lakini lilinikaa, na bado limenikaa.

Haya. Niseme na upande wa pili maana sitaki mtu anunue kwa ajili ya hasira zangu. Ukipiga noti moja peke yake, moja tu, uiache ilie, hizi piano za kukokotoa mara nyingi zinashindwa na rekodi nzuri. Rekodi ina ule uhai wa chumba na mbao, na kwenye oktavu za katikati sauti ya kukokotoa inaweza kukupa kitu kama chuma chembamba hivi, hasa ukipiga kwa nguvu, hasa kwenye spika za bei rahisi. Sikio langu linasikia, siwezi kudanganya. Kama kazi yako ni kurekodi kitu kimoja studio, polepole, msikilizaji amevaa hedifoni, basi sikiliza rekodi nzuri pia kabla hujaamua. Kwa sauti peke yake ningeipa nyota tatu na nusu.

Lakini nani anapiga noti moja? Nikishaandika hiyo tatu na nusu naona nimeionea. Piano siyo ya kusikiliza tu, ni ya kupiga, na kwenye kupiga hamna mpinzani, kidole kinasema na kinajibiwa. Napiga taratibu zaidi na sauti inabadilika rangi, siyo kwamba imepungua tu. Kwenye ile ya rekodi nilikuwa nasikia kabisa mahali inapohama kutoka rekodi ya taratibu kwenda ya nguvu, kama ngazi. Hapa hakuna ngazi. Tano, kwa mpigaji ni tano.

Na ule uchuma wenyewe, nusu yake ni setingi. Kila kibodi inatuma nguvu ya kidole kwa namba mpaka 127, lakini kila kampuni inapima kivyake, na kibodi nyingi zenye funguo nyepesi zinaruka haraka kwenda namba za juu. Wewe unadhani umepiga kwa upole, programu inasikia umegonga, nyundo inatoa sauti kali, unasema plastiki. Humo ndani kuna sehemu ya kupima mkono wako, inakwambia piga taratibu, piga kawaida, piga kwa nguvu, halafu inachora mkunjo wa kibodi yako. Ifanye hiyo kabla ya kitu chochote! Mimi baada ya kuifanya nilidhani wamebadilisha piano. Kuna jamaa wa kwaya ya jirani alikuwa ameshaifuta kabisa kwenye kompyuta yake, nikamuomba airudishe, tukampimia mkono, na mpaka leo hataki kusikia saundi za kinanda.

Kingine cha kuangalia ni laptopu. Hii kitu haili diski, inakula prosesa, maana inapiga hesabu muda wote. Ukichomoa chaja, Windows inapunguza kasi ili kuokoa betri na sauti inaanza kupasuka, kwa hiyo weka setingi ya umeme kwenye nguvu zote, na kama umeme wa kwenu unakatika-katika ujaribu nyumbani kwanza ukiwa kwenye betri, usije kujaribia ibadani. Na usitumie tundu la hedifoni la laptopu, tafuta saundi kadi hata ndogo, ili ushushe bafa, yaani kile kipande cha sauti ambacho kompyuta inakiandaa kabla ya kukitoa. Bafa ya sampuli 128 kwenye 48 kHz ni kama milisekunde 3, huisikii. Ukiiacha 1024 ni zaidi ya 21, na hapo kidole kinatangulia, sauti inafuata, na mwenye kwaya anakuangalia kwamba unachelewa mapigo.

Kuhusu toleo gani, watu wananiuliza sana. Kwa kanisa na harusi Stage, lile toleo dogo, inatosha, wala usijibane kutafuta hela ya zaidi. Huwezi kuichokonoa piano kwa ndani, lakini unapiga na inalia, ndo unachotaka. Usichague kwa majina, Steinway, Bechstein, Blüthner, Petrof, zote zinajaribika kwenye hilo la bure, kaa nazo, piga nyimbo zako unazozijua, siyo zile za kwenye video. Mimi Steinway niliipenda nyumbani lakini kanisani, na lile bati juu na mwangwi wake, Blüthner inakaa vizuri zaidi na sauti za watu, ni laini, haiwagombezi soprano. Mwingine atasema tofauti na atakuwa sahihi kwa kanisa lake. Pro, ile inayokuruhusu kurekebisha noti kwa noti, waachieni wenye kazi hiyo.

Na anayeniambia "si bora kanisa linunue piano halisi", ndugu yangu, huku pwani? Unyevu na chumvi ya bahari, waya unashika kutu, mbao zinavimba, na fundi wa kutyuni kumpata ni shughuli ya kumuombea nauli. Ile ya ukutani niliyojifunzia mara ya mwisho kuiona ina mchwa. Ningeipenda piano halisi kuliko yote haya, naapa, lakini hiyo ya kwenye laptopu haijatoka kwenye tyuni hata siku moja na naibeba kwenye begi.

Yeye fundi hadi leo anachomeka kebo moja. Jumapili iliyopita nilienda mapema, nikachomeka ya pili mwenyewe, nikarudisha besi, na sikumwambia. Ibada ilipoisha mwenyekiti wa kwaya akamfuata kumpongeza, eti leo piano imetoka vizuri sana, umefanya nini? Na akapokea! Akasema amebadilisha setingi! Kwa hiyo nimeamua, nikipata hela napanda toleo la Standard, lililo juu ya Stage, kwa sababu moja tu, kule unahamisha maikrofoni ndani ya programu yenyewe. Nitazisogeza karibu, nitatengeneza mono yangu safi, yaani piano nzima kwenye chaneli moja, nimpelekee kwenye kebo yake hiyohiyo moja, na besi nitaiongeza huku kwangu kabla haijamfikia.