Uzoefu wangu: sola "yenye akili" ilivyonimalizia LUKU jua likiwaka

Niseme mapema: paneli hazina kosa. Hasira zangu ni kwa kampuni iliyonifungia, hasa yule fundi wao. Jina nalihifadhi.

Niliuziwa mfumo mzima: paneli, inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa jua uwe wa kutumika nyumbani), betri ya lithiamu, na programu ya simu inayowasha pampu na hita kwa ratiba. Naishi Ilazo, na mtu wa Dodoma hahadithiwi jua. Sasa mbona LUKU iliendelea kuisha vilevile? Saa saba mchana, jua la utosini, betri imejaa pomoni, natoka kuangalia mita: kale kataa kekundu kanakonyeza mbio mbio. Ndani ni friji na pasi tu. Ningekuwa kwenye ile bei ya shilingi 100 kwa uniti, ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, labda ningenyamaza. Simo.

Nikampigia yule fundi. "Mama, mfumo una akili huo, unajiongeza wenyewe. Wewe usiuguse." Nikamwambia nimesimama mbele ya mita. Akacheka! Eti nimpe baba simu aongee naye. Baba yupi? Nyumba nimejenga mimi, kwa mkopo unaokatwa kwenye mshahara wangu. Nikaomba neno la siri la mipangilio. "Hilo ni la ofisi, mama." Inveta yangu, ukuta wangu, neno la siri la ofisi.

Aliyeniokoa ni kijana wa mtaani anayefunga waya. Hakuhitaji neno la siri la mtu. Alibonyeza vitufe vya inveta yenyewe, akanionyesha. Walikuwa wameipanga itumie gridi, yaani umeme wa LUKU, kwanza, jua lichaji betri tu, betri nayo isubiri umeme ukatike. Kwa hiyo betri ikishajaa, paneli zinaota jua bure! Akageuza: jua kwanza, betri ifuate, gridi mwisho. Pampu ya kupandisha maji kwenye simtanki, iliyokuwa ikiwaka saa moja jioni, ikahamia saa sita mchana. Hita tukaiweka saa nane, na maji ya kuoga jioni bado yanakuwa ya moto. Akamalizia kwa kupanda juu kuzifuta paneli. Vumbi la kiangazi lilikuwa limezipaka rangi ya udongo.

Tangu hapo LUKU naweza hata kuisahau. Na nisiwaonee: kazi ya juu ya bati ni safi, paneli zimeelekezwa kaskazini inavyotakiwa, bati halivuji. Nilishaamua kuwapa nyota tatu.

Juzi kati fundi akapiga. Nikajua anaomba radhi. Wapi! Ananiarifu kwamba dhamana imekufa, maana "mtu wa nje" amebadilisha mipangilio. Kajuaje? Ameona kwenye kompyuta ya ofisini kwao. Kumbe wanaona! Muda wote ule nanunua umeme jua likiwaka, walikuwa wanaona.

Nyota moja, na hiyo ni ya paneli.