Treni ndogo za mtumba mtandaoni: ipi ununue, na kwa nini uanze na chesisi

Malalamiko yamezidi. Msomaji wa Leicester kanitumia picha za kichwa cha treni alichokipata kwenye mnada wa mtandaoni. Bodi inang'aa, namba zimekaa sawasawa, boksi lake la awali lipo, hata karatasi ya maelekezo imo. Picha iliyofuata kakigeuza juu chini. Ufa mwembamba umeanzia kwenye tundu la ekseli ya nyuma ukapanda hadi kwenye skrubu, ncha ya mbele ya chesisi imekatika, na kwenye kona za boksi umejikusanya unga wa kijivu. Muuzaji aliandika "hali nzuri sana, hakijatumika." Na ni kweli hakijatumika. Hakikuanguka wala hakikugongwa popote. Kimeozea kabatini.

Mama mmoja wa Mombasa aliyehamia Hamburg naye kaniandikia kwamba kichwa alichomnunulia mwanawe kinanguruma ila hakisogei, magurudumu yamekaza. Nilimwomba akilaze kwenye kioo cha meza apige picha kwa ubavu. Magurudumu ya katikati yalikuwa yananing'inia hewani. Chesisi imevimba ikapinda, basi.

Kwa hiyo mwongozo huu hautazungumzia rangi, wala kama taa zinawaka. Hayo kila mtu anayaona kwenye picha. Napanga chapa kwa jambo moja tu ambalo wauzaji hawalipigi picha: chuma kilicho chini ya bodi.

Chesisi nyingi za treni hizi ni aloi ya zinki iliyoyeyushwa ikamiminwa kwenye kalibu. Zinki inafaa kwa kazi hiyo kwa sababu ni nzito, na kichwa chepesi hakishiki reli. Zinki ikiwa safi hudumu miaka mingi. Lakini ikichanganyika na risasi, hata kidogo mno, kutu huanzia ndani, kati ya chembe na chembe, na nje huoni kitu kwa muda mrefu. Kisha chuma kinarefuka, kinapinda, kinapasuka, na mwisho unakimega kwa vidole. Joto na unyevu huharakisha. Dawa hakuna. Ukipaka rangi, ukitia gundi, ukikausha, kutu inaendelea vilevile, maana chuma kilitoka kiwandani na ugonjwa huo.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Kinga inajulikana tangu 1929, pale kampuni ya New Jersey Zinc ya Marekani ilipoleta aloi za zamak zinazotengenezwa kwa zinki safi ya asilimia 99.99. Mtu anaweza kuelewa treni ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia ikioza. Ila kuna modeli za miaka ya 2000, zenye bei kubwa na urembo wa ajabu, zilizooza kabla mwenyewe hajamaliza kujenga meza ya reli. Class 31, kichwa cha dizeli cha kampuni ya Hornby ya Uingereza cha miaka hiyo, ni mfano unaojulikana na kila mwana-treni wa Uingereza. Waingereza ugonjwa huu huuita mazak rot. Kabla hujaweka dau, andika maneno hayo pamoja na jina la modeli kwenye Google, usome dakika kumi. Usidanganywe na neno "mpya."

Muuzaji mwombe picha mbili. Ya kwanza iwe ya chini, karibu, mwangaza ukitoka upande ili ufa utupe kivuli. Ya pili iwe ya ubavuni, kichwa kikiwa juu ya reli iliyonyooka au kioo, kamera ikiwa usawa wa magurudumu. Tazama kama magurudumu yote yamegusa. Tazama kama bodi imeinuka nchani, au kama kuna mwanya mahali ambapo bodi na chesisi hukutana. Omba na video fupi ya kwenda mbele na kurudi nyuma. Muuzaji akisema bodi "imekaza kidogo, haitoki," jua chesisi imevimba ndani yake. Usinunue, na kama umeshanunua usiivute kwa nguvu, utapasua na bodi ambayo ingeweza kuhamia kwenye chesisi nyingine.

Sasa nafasi zenyewe.

Ya kwanza: Kato. Sifichi upendeleo wangu. Kato wa Japani wanatengeneza treni za kipimo cha N, reli ya upana wa milimita 9, tangu 1965 walipotoa kichwa cha mvuke cha C50. Mimi sijakutana na chesisi ya Kato iliyooza, na nimefungua nyingi, zangu na za watu. Ukitoa bodi unakuta mapande mawili ya chuma yaliyokaa sawa, mota katikati, gia za plastiki zisizo na ufa. Ukiweka kwenye reli kinaondoka polepole bila kushtuka, kwa sauti ndogo ambayo jirani wa chini haisikii. Kwa sisi tunaoishi kwenye fleti za vyumba viwili, kipimo cha N ndicho kinachoingia: treni ya mabehewa manane inapita kwenye meza ya kulia chakula.

Wajapani pia wanatunza. Kichwa cha mtumba kutoka kwa duka la Japani mara nyingi huja ndani ya kasha lake la plastiki, na vipande vidogo vya kuongeza bado viko kwenye mfuko wake. Maelezo yao ni ya kweli hadi inakera: wataandika mkwaruzo ambao wewe hutauona bila lenzi.

Mambo ya kujua kabla ya kuagiza. Treni za kawaida za Japani ni za 1:150, yaani zimepunguzwa mara 150, Shinkansen (treni zao za kasi) ni 1:160, na za Ulaya ni 1:160. Zote zinatembea kwenye reli hiyohiyo, ila ukizipanga pamoja jicho litaona tofauti. Mota ni ya volti 12 za DC, umeme wa mkondo mmoja kama wa betri, hiyo haina shida. Shida ni kidhibiti cha umeme: kile cha Japani kimetengenezwa kwa volti 100 za ukutani. Ukikichomeka kwenye volti 230 za hapa Uingereza au 240 za nyumbani Kenya, kimeungua. Nunua kichwa Japani, kidhibiti nunua unakoishi. Na kwa walio Uingereza, kodi ya VAT ya asilimia 20 iko palepale. Mzigo usiozidi pauni 135 hukatwa unapolipia, ukizidi hapo utadaiwa mzigo ukifika, na kampuni ya usafirishaji itaongeza ada yake ya kukudai. Hiyo ada inaniudhi kuliko kodi yenyewe.

Ya pili: Märklin ya baada ya vita. Kampuni ya Göppingen, Ujerumani, ipo tangu 1859, na vichwa vyao vya kipimo cha H0, yaani 1:87, vya miaka ya 1950 na 1960 vingi bado vinavuta. Vizito, vya chuma, vimejengwa ili vifunguliwe na kufungwa tena. Brashi za kaboni unabadilisha mwenyewe na bisibisi moja, tone la mafuta, kazi imekwisha. Ukiishi Ujerumani, Uswisi au Austria, sokoni vimejaa. Picha za chini ziombe vilevile, hasa kwa vya kabla ya vita.

Ila sikiliza vizuri, maana hapa wageni wengi hupoteza pesa. Märklin ya H0 hutumia umeme wa AC, yaani mkondo geu, na njia ya tatu ya umeme katikati ya reli. Magurudumu yake hayajatengwa kushoto na kulia, kwa hiyo ukiweka kwenye reli za kawaida za njia mbili unapiga shoti. Reli zina upana uleule wa milimita 16.5, ndiyo maana watu hudhani zinaingiliana. Haziingiliani. Ukinunua Märklin umenunua na reli zake. Na zile transfoma za zamani zinazouzwa pamoja na seti, zenye waya wa kitambaa au mpira uliokauka, usizichomeke kabisa. Nunua transfoma mpya yenye usalama. Kuna mtoto anayecheza na hicho kitu sakafuni.

Ya tatu: Tri-ang na Hornby za Margate. Hizi ndizo treni ambazo babu wa Kiingereza huziacha darini, na wajukuu huziuza kwa maboksi. Bodi ni ya plastiki, mota ya X04 iko wazi unaiona yote, vipuri vinapatikana hadi leo. Si nzuri za kutazama kwa karibu, lakini zinatengenezeka, na kwangu hilo lina thamani. Magurudumu ya zamani yana kingo ndefu, kwa hiyo zitumie kwenye reli za code 100, zile ndefu kwa kimo. Kwenye code 75, zilizo fupi, zitagonga.

Ukiona Hornby Dublo, uliza kwanza ni ya mwaka gani. Zilianza 1938 kiwanda cha Liverpool, na hadi 1959 zote zilikuwa za njia tatu za reli. Ni za DC, kwa hiyo hata kwenye reli za Märklin hazihamii. Za baada ya vita ni imara. Za kabla ya vita waachie wakusanyaji wanaoziweka kabatini.

Ya nne: modeli za kina za miaka ya 2000. Hapa ndipo macho yanapotamani zaidi. Mabomba yote yapo, ngazi, vioo, hata maandishi madogo ubavuni. Lakini hapa ndipo chesisi zilizooza ziko nyingi kuliko nilivyotarajia, na mikono ya urembo hukatika wakati wa kusafirishwa. Sisemi usinunue. Nasema usinunue bila picha ya chini, hata kama muuzaji ana sifa za nyota zote.

Za bei ya chini kabisa, kama Lima za Italia: kingo za magurudumu ni ndefu kupita kiasi, mota bapa inanguruma. Mpe mtoto wa miaka mitano.

Sasa swali ninaloulizwa kila mara: vipi treni ya kwetu? Reli ya Mombasa hadi Kisumu, iliyojengwa 1896 hadi 1901, ni ya upana wa mita moja. Ukigawanya kwa 87 unapata milimita 11.5, na reli ya H0m ina milimita 12. Karibu kabisa. Kampuni ya Bemo ya Ujerumani inatengeneza H0m kwa ajili ya reli ya Rhätische Bahn ya Uswisi, ambayo nayo ni ya mita moja. Kwa hiyo anayetaka kujenga stesheni ya Voi au Makindu, atafute reli na chesisi za Bemo za mtumba, kisha ajenge bodi mwenyewe. Bei yake inauma. Lakini vichwa 34 vya mvuke vya reli yetu, Garratt daraja la 59, vyenye majina ya milima yetu, vilitoka kiwanda cha Beyer Peacock pale Gorton, Manchester, mwaka 1955 na 1956, na Mount Gelai namba 5918 bado kimesimama kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Watengenezaji wa modeli wa Uingereza wametoa vichwa vya mvuke vya kila kijiji chao, kwa rangi tofauti. Cha kwetu, kilichotengenezwa kwao, bado hawajanipa dukani kwa bei ya mtu wa kawaida. Nalisema hilo kila mwaka na nitaendelea kulisema.

Kuhusu wauzaji. "Haijajaribiwa" ni neno la kwanza la kuogopa. Mtu ana reli, ana kidhibiti, anaviuza kwenye tangazo linalofuata, halafu anasema hakupata namna ya kujaribu kichwa. Alijaribu. "Adimu" ni neno la pili: tazama vitu vilivyokwisha kuuzwa, si vinavyoombewa bei, utakuta vya aina hiyo vinauzwa kila wiki. Bei ya mtu anayeomba si bei ya soko. Na kwa kuwa kichwa kipya kikubwa cha mvuke cha Hornby sasa kinapita pauni 200, wauzaji wa mtumba wamepandisha zao hata kwa vichwa vilivyokufa mota.

Uliza pia unanunua kwa nani. Hapa Uingereza ukinunua mtandaoni kwa mfanyabiashara, una siku 14 za kubadili nia tangu upokee mzigo. Ukinunua kwa mtu binafsi huna haki hiyo, ila kitu lazima kilingane na maelezo. Ndiyo maana swali la chesisi uliulize kwa maandishi, ndani ya tovuti yenyewe, si kwa simu: "Je, chesisi ina ufa, imevimba au imepinda?" Akijibu "hapana" na kumbe imeoza, una ushahidi. eBay wana dhamana ya kurudishiwa pesa ya siku 30, na jibu lake lililoandikwa ndilo watakalosoma.

Mzigo ukifika, fungua huku simu inarekodi, kisha geuza kichwa juu chini kabla hujakiweka kwenye reli.