Tahadhari: muuza mafuta ya zeituni mwenye video ya friji

Wapendwa, naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Kuna mtu anapita kwenye makundi ya mapishi akiuza "mafuta ya zeituni ya asili" kwa nusu ya bei ya dukani. Nilinunua chupa tatu. Nimeingizwa mjini, na sitaki mwingine apitie mlango huohuo.

Ndoano yake ni video. Anatoa chupa mbili kwenye friji: moja mafuta yameganda, nyingine bado yanatiririka. "Yanayoganda ndiyo halisi," anasema. Kisha anachovya utambi kwenye yale "halisi", anauwasha, mwali unasimama vizuri, na oda zinaanza kumiminika. Yangu ilikuwemo. Chupa zilipofika nikatia moja kwenye friji, asubuhi nikakuta imeganda, nikaridhika kabisa.

Friji haithibitishi kitu. Mafuta ya zeituni yaliyosafishwa kiwandani huganda. Ya karanga nayo huganda. Na yapo ya zeituni ya daraja la juu yanayolala kwenye friji usiku kucha yakapata ukungu tu, kwa sababu aina za zeituni hutofautiana, na nta iliyomo nayo hutofautiana. Moto ndio usiseme: mafuta gani ya kula hayawaki ukiyatilia utambi? Rangi vilevile. Waonjaji waliosomea kazi hiyo hutumia vikombe vya bluu iliyokolea makusudi wasiione rangi, maana ukijani si ubora, na matapeli hutia klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, kwenye mafuta ya mbegu yakapendeza kuliko ya kweli.

Aliyenifumbua macho ni rafiki yangu mpishi. Alimimina kidogo kwenye kikombe cha kahawa, akakifunika kwa kiganja, akakizungusha mpaka kikapata joto la mkono. Akanusa. Akaonja huku akivuta hewa kwa meno. "Yanakukwaruza kooni?" Hapana. "Uchungu je?" Hakuna. "Unasikia harufu ya majani mabichi?" Niliyosikia ilikuwa ya karanga za zamani, au krayoni za watoto. Hiyo ni harufu ya mafuta yaliyochacha.

Mafuta mazuri ya zeituni huwa na uchungu kidogo ulimini na huwasha koo, mara nyingine mpaka ukohoe. Zipo aina za zeituni zilizo pole zaidi, lakini kuwasha huko si ubovu. Ni polifenoli, kemikali za asili za tunda lenyewe, hasa ile iitwayo oleokanthali. Wengi wetu tukikohoa tunadhani chupa imeharibika, tunasifu ile inayoteleza kama maji. Tapeli analijua hilo. Rudini msome tangazo lake: "laini, hayawashi koo".

Halafu rafiki yangu akageuza chupa akasoma lebo, kazi ambayo mimi sikuifanya kwa kuwa nilishughulika na friji. Imeandikwa, kwa herufi za dhahabu, "Pure Light Extra Virgin". Maneno hayo hayakai nyumba moja! "Extra Virgin" ni mafuta yaliyokamuliwa kwa mashine tu bila kemikali, asidi huru (ile inayoongezeka zeituni zikiharibika) haizidi asilimia 0.8, na ladha haina kasoro. "Pure" na "Light" ni majina ya mafuta yaliyosafishwa kiwandani yakaondolewa harufu na ladha, kisha yakachanganywa na kiasi cha yale mazuri. (Wepesi wa "Light" uko kwenye ladha, anayedhani atapungua mwili, nishati ni ileile.) Hata "Pomace", yanayotolewa kwenye makapi ya zeituni kwa kiyeyushi, yaani kemikali ya kuyeyushia mafuta, ni bidhaa halali ikiuzwa kwa jina lake. Mimi sina ugomvi na mafuta ya bei nafuu ya kukaangia. Nina ugomvi na aliyeyavalisha joho la mwenzake.

Mengine sasa. Chupa ni ya kioo kisicho na rangi, na mwanga huharibu mafuta haraka. Hakuna tarehe ya mavuno, hakuna namba ya toleo, wala nchi zeituni zilikovunwa. Kuna "Imefungashwa Italia", maneno ambayo hata yangekuwa kweli yasingeniambia mti ulikuwa wapi. Tarehe ya mwisho wa matumizi imeandikwa kwa kalamu ya wino. Niliisugua kwa kidole ikafutika. Na bei ile! Lita moja huhitaji karibu kilo 5 za zeituni. Nani anakamua kilo 5 akuuzie kwa hasara?

Mtu ataniambia ni mafuta tu, kaangia yaishe. Hispania mwaka 1981, mafuta ya mbegu za rapa yaliyotiwa kemikali ya anilini ili yatumike viwandani tu yalisafishwa upya yakauzwa mitaani kwenye madumu yasiyo na lebo, wauzaji wakiyaita ya zeituni. Watu wapatao 20,000 waliugua, zaidi ya 300 wakafa. Sisemi ya huyu bwana yana sumu. Nasema sijui alichotia humo, na wewe hujui.

Ukitaka kununua, chukua chupa ndogo ya kioo cheusi au kopo, yenye lakiri na tarehe ya mavuno ya karibuni. Ukishaifungua usiiweke karibu na jiko, uimalize ndani ya miezi miwili hivi. Chupa kubwa kwa ajili ya kuokoa hela huishia kuchacha kabatini.

Nilimwomba anirudishie pesa. Alinijibu kwamba nimehifadhi vibaya, kisha akanifungia. Chupa moja ambayo haijafunguliwa nimeipeleka kwa wakaguzi wa chakula. Mafuta yaliyobaki napaka bawaba za mlango.

Wiki hii amerudi kwa jina jipya na picha ya mama mmoja mwenye tabasamu, lakini video hakuibadilisha. Tazameni kona ya chini kushoto: kijiko chenye mpini mwekundu, na kigae kilichopasuka chini yake. Mkiviona, ni yeye.