Chujio la Udongo Lenye Fedha: Miezi Minane Katika Hoteli Yangu ya Busia

Nina hoteli ndogo ya chai na chakula cha mchana mjini Busia, upande wa Uganda, si mbali na pale malori yanapopanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Kenya. Kwa miaka mingi maji ya kunywa ya wateja nimekuwa nikiyachemsha kwa mkaa, na kila gunia lilipopanda bei, faida ya chapati iliishia chini ya sufuria ya maji. Miezi minane iliyopita nilinunua katika duka moja la vifaa vya nyumbani jijini Kampala chujio la udongo ambalo, kwa maneno ya muuzaji, "lina fedha ndani, mama, linaua vijidudu vyote." Mteja aliyesimama nyuma yangu akauliza kama fedha hizo zinaweza kutolewa mwisho wa mwaka, ada za shule zikifika. Tulicheka, nikalipa shilingi 130,000, nikaondoka.

Chombo chenyewe ni chungu cha udongo mwekundu kinachoning'inia ndani ya ndoo ya plastiki yenye koki na kifuniko. Muundo wake ulibuniwa nchini Guatemala mwaka 1981 na Fernando Mazariegos, na tangu hapo umefinyangwa katika nchi nyingi zenye udongo mzuri na maji mabaya. Udongo huchanganywa na vumbi la mbao au pumba za mpunga zilizosagwa, kisha chungu huchomwa kwenye tanuri karibu na nyuzi 900. Vumbi lile huungua na kuacha vitundu visivyoonekana kwa macho, na maji hupenya humo polepole. Baada ya kuchomwa, chungu hupakwa au huchovywa katika maji yenye chembe za fedha, yaani madini yale ya kutengenezea pete na bangili, yakiwa yamevunjwavunjwa hadi kufikia ukubwa wa nanometa chache. Unywele mmoja wa kichwani una unene wa nanometa zipatazo 80,000, kwa hiyo msomaji asitegemee kuona kitu chochote kinachong'aa ndani ya chungu.

Fedha kuua bakteria si uzushi wa wafanyabiashara. Kuanzia miaka ya 1880 matone ya chumvi ya fedha yalitiwa machoni mwa watoto wachanga ili wasipofuke kwa kisonono cha mama zao, kwa njia iliyoanzishwa na daktari Mjerumani Carl Credé, na hata leo krimu nyeupe ambayo wauguzi huwapaka watu walioungua moto ina fedha. Chembe ikiwa ndogo mno, eneo lake la juu huwa kubwa ukilinganisha na uzito wake, na ikiwa ndani ya maji huachilia ioni za fedha, yaani atomi za fedha zenye chaji ya umeme, kidogo kidogo kwa muda mrefu. Ioni hizo hung'ang'ania protini za bakteria, hasa mahali penye salfa, zikaharibu vimeng'enya vinavyomwezesha kupumua na kutoboa utando unaomzunguka, na zikiingia ndani huvuruga hata vinasaba vyake. Kwa kuwa bakteria hushambuliwa mahali pengi kwa wakati mmoja, si rahisi kwake kujikinga, ingawa wapo waliokwisha kujifunza, na hilo ni jambo ambalo karatasi ya maelezo ya chujio langu haikuligusa kabisa.

Chungu cha kwanza kilinidanganya. Kilijaza ndoo kwa kasi iliyonifurahisha, hadi nilipokipima kwa jagi na saa nikakuta kinatoa zaidi ya lita tano kwa saa, wakati chungu kizima hutoa kati ya lita moja na tatu. Nilikiinua, nikakigonga kwa kifundo cha kidole. Badala ya kulia kama kengele kilitoa sauti butu ya gogo. Kulikuwa na ufa mwembamba chini ya ukingo, na maji yalipitia hapo bila kuchujwa na bila kukaa na fedha kwa muda wa kutosha. Niliporudi dukani, kijana aliyeniuzia alinijibu kwamba maji yakipita vizuri sina sababu ya kulalamika. Hawakunibadilishia. Chungu cha pili nilikinunua peke yake kwa shilingi 50,000, na hiki nilikigonga palepale kaunta kabla ya kutoa hela.

Kwa chungu hiki cha pili nilifanya jaribio. Mwanangu anayesomea kazi ya maabara aliniletea vichupa vidogo vyenye karatasi iliyotiwa dawa, ambavyo ukivijaza maji yenye bakteria wa kinyesi hugeuka vyeusi ndani ya siku moja au mbili. Maji ya kisima tunachochota yaligeuka kama wino kabla ya usiku wa kwanza kwisha. Maji yaliyodondoka moja kwa moja kutoka kwenye chungu yalibaki meupe hadi siku ya tatu, tukachoka kuyatazama. Lakini kichupa nilichokijaza kutoka kwenye koki kilianza kubadilika rangi kesho yake jioni, kikawa kijivu, kisha cheusi. Chungu hakikuwa na kosa: msichana wangu wa jikoni alikuwa akiisuuza ndoo kwa maji ya kisima na kuifuta koki kwa kitambaa cha meza. Fedha kidogo inayosafiri na maji haikutosha kuyalinda yasichafuke upya. Tangu siku hiyo ndoo huoshwa kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji yaliyochujwa, na jaribio la pili la koki lilitoka safi.

Kwa hiyo, kama mnunuzi ataniuliza ni kitu gani hasa analipia, nitamjibu kwamba kazi kubwa hufanywa na udongo. Bakteria wengi wana urefu wa nanometa 1,000 hadi 2,000 na hunaswa katika vitundu. Fedha huwamaliza wanaokwama humo, wasije wakaota na kuugeuza ukuta wa chungu kuwa shamba lao. Virusi ni vidogo sana kuliko vitundu hivyo, na fedha pia haiviwezi kwa uhakika. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 haikuona sababu ya kutosha ya kuitegemea fedha peke yake kusafisha maji ya kunywa. Maneno ya "huua vijidudu vyote" yaliyochapishwa kwenye boksi kwa herufi kubwa kwa hiyo si ya kweli, na Hajati jirani yangu, ambaye mjukuu wake ana miezi saba, nilimshauri aendelee kumchemshia mtoto maji hata baada ya kuyachuja.

Matunzo si magumu ila yana masharti yake. Maji ya mijazo mitatu ya mwanzo humwagwa, kwa sababu yana ladha ya udongo na ndiyo yanayobeba fedha nyingi zaidi. Baadaye kiwango hushuka, na chungu kilichotengenezwa vizuri hubaki chini ya miligramu 0.1 kwa lita ambayo shirika hilohilo linasema mwili unaweza kuivumilia. Chungu husuguliwa kwa brashi na maji matupu kasi inapopungua, ambayo kwangu ni kila wiki ya tatu. Sabuni na jiki hazigusi chungu kamwe, kwa kuwa klorini huiondoa fedha udongoni haraka. Wenye maji ya bomba yanayonukia klorini wayaache wazi usiku kucha kwanza.

Jambo moja limenikera kuliko ufa. Katika rafu ileile ya duka, kando ya machujio, palikuwa na vichupa vya "maji ya fedha" vya kunywa kwa kijiko, eti ni dawa ya vidonda vya tumbo na kisukari. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitamka tangu mwaka 1999 kwamba bidhaa za namna hiyo hazijathibitika kuwa salama wala kutibu chochote, na Mmarekani Paul Karason, aliyeyanywa kwa miaka mingi, aligeuka ngozi yote rangi ya samawati na hakurudi rangi yake hadi alipofariki mwaka 2013. Fedha iliyoshikwa na udongo ni kitu kimoja, na fedha inayonywewa kwa kijiko ni kitu kingine kabisa.

Siku hizi natumia mkaa kwa chai na chakula tu. Chujio moja halitoshi siku za soko, kwani ndoo hukauka kabla ya saa saba mchana, na madereva hawasubiri matone. Nimekwisha kuagiza la pili, na safari hii nimemwomba dereva wa teksi asiliweke kwenye buti, bali abiria wa mbele alipakate hadi Busia.