Laibrari ya muvi Kirumba, wapenda komedi nendeni

Hii laibrari ya Kirumba naipa nyota nne. Nilimwambia jamaa nataka komedi za zamani akanijazia flashi kazi za Mel Brooks, yule mzee wa Marekani alieanza kuandika vichekesho vya TV ndo baadae akahamia kwenye muvi, na ya kwanza kuongoza, The Producers, ikampa Oscar ya uandishi, halafu 1974 akaachia mbili mwaka mmoja, Blazing Saddles na Young Frankenstein, hii ya pili haina rangi makusudi kabisa, msije mkairudisha mkidhani flashi mbovu kama shemeji yangu 😂. Get Smart, ile komedi yake ya TV, wana vipande vipande tu, imeniuma. Bei poa, ila foleni ya jumamosi jioni mh!